Abigaël na Watoto wa Mayele

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Abigaël alipiga magoti pembeni mwa chumba na kukagua gunia la mbegu. Lilikuwa nusu gunia la maharagwe, yale mekundu yenye madoa meupe, ambayo mama yake aliyabeba kichwani siku tatu nzima walipokimbia vita kutoka kijijini kwao, huko Djugu. Vyungu waliviacha. Mbuzi waliwaacha. Godoro nalo walilivuta siku moja, kisha wakaliacha njiani. Maharagwe hayakuachwa, na hata siku walizolala na njaa hakuna aliyethubutu kuyachota, kwa sababu mama alikuwa amesema neno moja tu: mbegu hailiwi.

Watoto wake walimsikia. Kwa bahati mbaya, panya wa mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, hawakuwepo siku aliposema.

Asubuhi hiyo Abigaël alikuta tena maganda yametawanyika sakafuni, na kwenye gunia kulikuwa na tundu ambalo jana halikuwepo. Aliliziba kwa kitambaa, akaokota punje zilizotafunwa na kuzifumbata ili mama asizione. Lakini mama alikuwa ameshaziona.

"Banaingia tena?" mama aliuliza, akiwa bado mkekani na Fiacre, mdogo wake Abigaël wa miaka miwili na nusu.

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo ya kila siku ndio inamalizaka gunia. Mvua ya mwezi wa tatu ikikuya, tutapanda nini? Mawe?"

Abigaël alikikaza kitambaa kwenye tundu. Mama alikuwa amekwisha kuazimwa kipande cha shamba pembeni mwa mji, na baba yake alikuwa mbali, Mambasa, akitafuta kazi ya kupasua mbao. Kwa hiyo mavuno yote ya mwaka huo, na hata tumaini la kurudi nyumbani siku moja na mbegu zao wenyewe, yalikuwa ndani ya gunia lile lenye matundu.

Walikuwa wakikaa katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Koko Wivine, yaani Bibi Wivine, mjane mtu mzima kutoka Mahagi aliyeuza samaki sokoni. Koko aliishi na mjukuu wake Christella, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye alimpita Abigaël kwa mwaka mmoja na hakumwacha asahau. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao walikuwa hapo mwezi wa saba. Mama alifua, alifagia, alitwanga, na juu ya panya hakumwambia Koko hata neno moja, wala hakumruhusu Abigaël kusema. Aliona aibu. Mtu aliyekupa kuta nne, utamwambiaje kwamba kuta zake zina matundu?

Hata hivyo tumaini lilikuwapo, na lilikuwa limelala ndani ya kikapu cha samaki kilichochakaa, katika jiko la nje. Paka wa Koko, aliyeitwa Mayele kwa ajili ya akili zake nyingi, alikuwa amezaa watoto wanne. Siku Abigaël alipowaona kwa mara ya kwanza walikuwa hawajafumbua macho. Sasa walikuwa na juma la tano, macho yao ya buluu yalishangaa kila kitu, na mikia yao midogo ilisimama wima kila waliposikia hatua za mtu.

Koko alikuwa ameahidi. "Ule ya mistari ni yako, Abi. Lakini atatoka hapa kisha kujua kula peke yake na kunywa maji peke yake. Mbele ya ile, hapana."

"Juu ya nini, Koko?"

"Juu paka mwenye hajue kula, panya ndio itamukula yeye."

Abigaël alimpa paka wake jina siku hiyo hiyo. Alimwita Santinele, maana kazi yake ingekuwa kulinda.

Tangu hapo, kila alipopata nafasi, alichuchumaa mbele ya kikapu na kutazama. Alikuwa mtoto wa maswali. Mwalimu wake alikuwa akisema kwamba Abigaël akiona shimo atauliza nani alilichimba na udongo ameupeleka wapi. Aliwaza kwa nini watoto wa paka wakinyonya hukanda tumbo la mama yao kwa miguu ya mbele, kama mtu anayekanda unga. Alitaka kujua kwa nini kila mmoja ana chuchu yake na akikuta mwenzake hapo wanapigana. Siku moja Mayele alileta mjusi akamweka mbele yao. Walimnusa, wakarudi nyuma kwa hofu, wakaenda kunyonya.

"Koko, wataacha ziwa lini?"

"Mayele mwenyewe anajua."

"Lakini ni lini?"

"Ngoja, mutoto yangu. Ngoja tu."

Kungoja! Koko angeweza kungoja, kwake samaki walining'inia jikoni, na paka akiwalinda chini yao. Abigaël alikuwa na gunia linalopungua kila asubuhi. Akaanza kuwaza, na katika kuwaza akamkumbuka Fiacre.

Walipokuwa njiani wakikimbia, Fiacre alikuwa bado ananyonya. Siku ya pili maziwa ya mama yalianza kukauka kwa njaa na uchovu, na mtoto alivuta ziwa mpaka likatoka damu. Jioni mama aliomba pilipili kwa mwanamke mmoja waliyekuwa wakitembea naye, akaitafuna, akaipaka kwenye maziwa yake, kama kina mama wengi wafanyavyo kwa mtoto asiyetaka kuacha. Fiacre alilia usiku kucha na mchana wake. Siku iliyofuata alikula kiazi kilichochomwa. Hivyo ndivyo Abigaël alivyokumbuka: siku mbili, na kazi imekwisha.

Kama mtoto wa mtu aliacha ziwa kwa siku mbili, alijiambia, mtoto wa paka si ataacha kwa moja?

Jumamosi Koko alitoka asubuhi kwenda sokoni na beseni lake la samaki. Mama alikwenda shamba na Fiacre mgongoni. Christella alifunga mlango wa jiko vizuri, akaupachika mti wa kuuzuia, akachukua kidumu cha plastiki na kwenda kuteka maji huku akiimba. Alikuwa na sababu ya kuimba, maana kesho yake kanisani alikuwa amepewa ubeti mzima wa kuimba peke yake.

Abigaël alisubiri sauti ya Christella ipotee. Kisha akafungua jiko.

Alitwanga pilipili mbili, akaongeza tone la mafuta. Mayele alikuwa amelala ubavu, watoto wameshiba. Abigaël alimkuna kidevu, na paka akanguruma kwa raha, akanyosha miguu. Msichana akachovya kitambaa kwenye pilipili, akampaka tumboni, chuchu moja baada ya nyingine. Kisha akaweka mbele ya watoto sahani ya samaki wa chumvi aliyemchemsha, mmoja wa wale wanaotoka Ziwa Albert wakiwa wamekauka kama ubao. Maji hakuweka. Kila mtu anajua kwamba paka anaogopa maji.

Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Mayele aliinua kichwa na kulinusa tumbo lake, akalilamba mara moja.

Aliruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Alipiga chafya, akatema mate, akalamba tena ili kujisafisha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Alipinda huku na huku, akaangusha sufuria, akapita katikati ya miguu ya Abigaël, akatoka mlangoni na kuruka ua wa matete. Abigaël alimkimbilia mpaka barabarani. "Mayele! Mayele, rudi!" Barabara ilikuwa na vumbi na kuku wawili tu.

Alirudi jikoni mbio. Watoto wa paka walikuwa wameizunguka sahani. Mmoja alikuwa amesimama ndani yake kwa miguu yote minne, akilia. Mwingine alimnusa samaki akapiga chafya. Santinele peke yake ndiye aliyelamba mara tatu nne, kisha akabaki akitoa ulimi na kuurudisha, akimtazama Abigaël. Hakuna aliyekula. Abigaël aliwamwagia kuku samaki, akaiosha sahani na kuirudisha mahali pake. Mlango wa jiko, kwa kuchanganyikiwa, aliuacha wazi.

Saa tano milio ya risasi ilisikika upande wa uwanja wa ndege.

Bunia nzima ilijua la kufanya. Milango ilifungwa, majirani waliitana majina, mitaa ikawa mitupu. Mama alifika mbio na Fiacre, Christella bila maji, na mwisho Koko Wivine, beseni kichwani, akihema. Wote walilala chini katika ukumbi mwembamba wa nyumba ya Koko, mbali na madirisha. Koko alishika rozari. Kila mlio ulipopasuka, Fiacre alijificha chini ya kanga ya mama. Na kila mlio ulipotulia, kutoka jikoni ilisikika sauti nyingine, nyembamba, isiyokoma. Watoto wa Mayele walikuwa wakimwita mama yao.

Abigaël aliziba masikio. Aliisikia hata hivyo. Huko nje, mahali fulani kati ya risasi, kulikuwa na paka aliyeungua mdomo na tumbo, na aliyemfukuza hapa nyumbani alikuwa ni yeye.

Saa tisa palitulia. Koko alitoka kuangalia nyumba yake, na mara wakamsikia kutoka jikoni.

"Christella! Mayele iko wapi?"

"Sijue, Koko."

"Mulango iko wazi! Nilikuambia mara ngapi kufunga mulango? Sasa paka imetoka, masasi inalia, na batoto yake banakufa na njaa!"

"Nilifunga, Koko! Nilifunga na nikaweka muti!"

"Muti ilijifungua yenyewe? Mimi sipendi uongo, Christella. Ni heri ungesema ulisahau. Kesho hautaimba. Utabakia hapa kuangalia hii kikapu."

Christella alifungua mdomo aape tena. Machozi ndiyo yaliyotoka. Abigaël alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Neno lilimfika kooni. Lakini alimwona mama yake nyuma ya Koko, akiwa ameshika ufagio, na wazo likamjia: Koko akijua, atatufukuza. Tutalala wapi? Akalimeza neno lake. Lilikuwa chungu kuliko pilipili.

Jumapili asubuhi Abigaël alikwenda jikoni mapema. Christella alikuwa ameketi chini kando ya kikapu, sare yake ya kwaya imekunjwa vizuri juu ya magoti. Hakuwa akiivaa, alikuwa ameishika tu.

"Nilifunga," alisema bila kumtazama mtu. "Weye unaniamini, Abi?"

Abigaël aliinama juu ya kikapu ili asijibu. Watoto wa paka hawakuinua mikia. Watatu walikuwa wamelaliana, wakilia kwa sauti ya kukwaruza. Santinele hakulia kabisa. Abigaël alimchukua mkononi na kumkuta mwepesi, kichwa kikining'inia, ulimi mkavu. Huyu ndiye aliyelamba samaki wa chumvi, na huyu ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

Alipiga moyo konde, akasimama, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Koko, Santinele mkononi. Koko alikuwa akijifunga kitambaa cha kichwa kwa ajili ya misa. Mama alikuwa hapo akimpigia pasi leso.

"Koko, Christella alifunga mulango. Ni mimi nilifungua."

Koko aligeuka polepole.

"Nilipakala Mayele pilipili kwa maziwa. Nilitaka batoto baache kunyonya, Santinele akuye upesi kulinda mbegu. Panya banakula mbegu yetu kila siku, Koko. Mama alikataza kukuambia, ni haya. Paka alikimbia juu yangu. Na mimi nilinyamaza wakati ulimupatia Christella azabu." Hapo alianza kulia kweli. "Ukitaka kufukuza mutu, ufukuze mimi. Mama haiko na kosa."

 Pasi ya makaa ilikuwa ikitoa moshi juu ya leso, na mama hakuiona.

"Ulipakala paka pilipili," Koko alisema hatimaye, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba masikio yake ni mazima. Midomo yake ilitetemeka. Haikujulikana kama ni hasira au kicheko, na pengine vyote viwili vilikuwa vikigombania mlango mmoja. Hasira ndiyo iliyotangulia. "Kwanza, Christella. Ulimubebesha muzigo yako usiku muzima. Enda umutue."

Abigaël alikwenda. Alisema mbele ya Christella yote aliyosema mbele ya Koko, na kuomba msamaha. Christella alimtazama kwa macho mekundu.

"Nilikuuliza kama unaniamini," alisema. "Ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Christella hakusema kwamba amesamehe. Koko alipomwambia aende kuimba, alivaa sare yake na kukimbilia kanisani, na mama akamsindikiza ili aeleze kwa nini amechelewa. Msamaha ulikuja baadaye, kwa wakati wake, na haukuja siku hiyo.

Koko hakwenda misa ya kwanza. Alivua kitambaa, akamchukua Santinele na kumvuta ngozi ya shingoni kwa vidole viwili, kisha akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kidogo kabla ya kurudi.

"Unaona? Iko na kiu. Hata mutoto ya mutu mwenye kuhara, ngozi yake inakuwaka vile. Ulibapatia nini?"

"Samaki ya chumvi."

"Na maji?"

"Paka anaogopa maji, Koko."

"Anaogopa kuoga! Kunywa, nani anaogopa?" Sasa kicheko ndicho kilichopita. "Eh, Abi! Kuja, tutumike."

Abigaël alitaka kukimbia kutafuta maziwa ya ng'ombe kwa jirani, lakini Koko alimkataza. Maziwa ya ng'ombe yangewaharisha, na kuhara kungemaliza maji kidogo yaliyobaki mwilini mwao. Walichukua maji yaliyochemshwa na kupoa. Koko alichovya kidole, akaacha tone moja likae kwenye mdomo wa Santinele. Hakumimina. Ukimmiminia mtoto mdogo, alieleza, maji huenda kifuani. Tone likakaa. Ulimi mdogo ukatoka, ukalichukua, ukarudi ndani. Tone la pili, la tatu. Abigaël aliendelea hivyo hadi mgongo ukamuuma, akihama kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Koko aliweka chupa ya maji ya moto, iliyofungwa kwa kitambaa, ndani ya kikapu ili wasipate baridi.

Kisha likaja somo la chakula. Walichukua ndakala, yaani dagaa, wasio na chumvi, wakawaloweka, wakawachemsha, wakatoa vichwa na miiba. Abigaël aliwatwanga mpaka wakawa laini, akaongeza maji ya uvuguvugu hadi ukawa uji mwepesi. Badala ya sahani, Koko alileta kifuniko cha kopo, chenye kina kisichozidi unene wa kidole, ili mtoto asilazimike kuzamisha pua.

"Usisukume kichwa yake ndani," Koko alionya. "Umupakale kidogo kwa mudomo. Atalamba. Kisha atatafuta kwenye ile utamu ilitoka."

Na ndivyo ilivyokuwa. Santinele alilamba mdomo wake, akakaa akifikiri, akalamba tena. Akakifuata kidole cha Abigaël, na kidole kikashuka taratibu mpaka kwenye kifuniko. Mara ya kwanza aliingiza miguu. Mara ya pili aliingiza pua, akapiga chafya na kumrushia Koko uji usoni. Mara ya tano, jua likiwa limeanza kuelekea magharibi, alilamba kutoka kwenye kifuniko, peke yake, na sauti ndogo ikasikika: lap, lap, lap. Abigaël alishikilia pumzi ili asimsumbue.

Walilishwa mara tano kwa siku, kidogo kidogo, na kila mara Abigaël aliwafuta nyuso na miguu kwa kitambaa chenye maji, maana Mayele hakuwepo kuwalamba. Maji safi aliyaweka katika kifuniko cha pili, kando ya chakula. Hawakuyagusa. Jumatatu, kwa sababu ya kupisha ufagio, alikisogeza kile cha maji mpaka upande wa pili wa jiko, na akiwa bado anafagia akamwona Santinele anatembea kwa kuyumba mpaka huko, anainama, anakunywa. Alirudisha maji kando ya chakula ili ajaribu. Hawakunywa. Akayapeleka mbali tena. Walikunywa.

"Koko! Paka hapendi maji karibu na chakula!"

Koko alikuja kujionea. Alitazama mara mbili. "Miaka makumi tano nachunga paka," alisema, "na ile sikujua." Abigaël alitembea siku hiyo yote kama mtu aliyepewa cheo.

Jambo lingine lilikuwa limetatuliwa Jumapili ile ile, kwa urahisi uliomtia aibu kila aliyelificha. Koko alipomaliza kuwalisha paka alimwita mama.

"Mama Abi, juu ya nini hukuniambia habari ya panya?"

Mama alitazama chini. "Tuliogopa kukusumbua, Koko. Tulishakaa sana."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua! Samaki yangu inalala kwa jiko, juu ya moto, hakuna panya inaigusa. Gunia yako ingekosa nafasi? Ulete."

Gunia likaletwa. Likatundikwa kwa kamba juu ya meko, kati ya vikapu vya samaki, mahali moshi unapopita. Tangu siku hiyo halikupata tundu jingine. Abigaël alilitazama likining'inia, akawaza asubuhi zote alizookota maganda, na pilipili, na machozi ya Christella. Yote hayo yangezuiwa kwa sentensi moja.

Jumanne mchana Mayele alirudi. Alikuwa mchafu, sikio moja limechanika kwenye miiba ya ua fulani, lakini mzima. Alipomwona Abigaël alisimama mlangoni, mgongo umepinda. Abigaël hakumsogelea. Aliweka kipande cha samaki chini, akatoka nje, akakaa mbali juu ya jiwe. Koko ndiye aliyempangusa paka tumbo kwa mafuta na kitambaa safi. Ilichukua siku sita kabla Mayele hajamruhusu Abigaël kumkuna kidevu tena, na Abigaël alizihesabu zote.

Aliporudi kwa watoto wake, Mayele aliwaacha wanyonye. Lakini baada ya muda mfupi aliinuka, akaenda kulala juu ya rafu ambako hawakumfikia. Walilia kidogo, wakaenda kwenye kifuniko chao cha uji. Siku zilizofuata Abigaël aliona kwamba alikaa nao muda mfupi zaidi, akaleta mjusi, kisha panya aliyekufa. Safari hii watoto hawakurudi nyuma kwa hofu. Uji nao ulizidi kuwa mzito, hadi wakala vipande. Mayele hakuwanyang'anya chochote. Aliwaongezea, na waliposhiba hicho kingine wakasahau wenyewe cha kwanza.

Abigaël alimweleza mama yake jambo hilo jioni moja walipokuwa wakichambua mboga. Mama alimtazama Fiacre aliyekuwa akimfukuza kuku.

"Abi," alisema, "uliwaza juu ya Fiacre, sivyo? Njiani."

"Ndiyo, mama. Iliisha siku mbili."

"Haikuisha siku mbili. Alikuwa anaamuka usiku kutafuta ziwa mwezi muzima, na mimi nilikuwa nalia, siye wawili. Weye ulikuwa unalala." Mama aliweka mboga chini. "Ile haikuwa kuachisha mutoto, Abi. Ile ilikuwa vita. Sikukuwa na njia ingine."

Watoto wa paka walipotimiza miezi miwili, Koko aliita wote jikoni kama hakimu. Aliweka samaki upande mmoja na maji upande mwingine. Santinele, sasa mnene na mwenye kiburi, alikula vipande vyote, akavuka jiko bila haraka, akanywa, akajilamba masharubu. Christella alipiga makofi. Siku hizo alikuwa amekwisha kuanza tena kumwimbia Abigaël nyimbo za kwaya, na kumkumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa.

"Imepita mutihani," Koko alisema. "Abi, ni yako. Umubebe leo."

Abigaël alinyosha mikono. Wakati huo huo Mayele alijilaza kikapuni, na Santinele akamkimbilia, akajisukuma chini ya tumbo lake. Hakuwa akinyonya. Alifumba macho tu na kulala hapo. Mikono ya Abigaël ilirudi.

"Koko," alisema, "nitangoja mpaka siku ya Mungu, kisha misa nitamubeba. Gunia iko salama."

Christella alicheka kwa mshangao. Koko Wivine alimgeukia mama Abi, na mama akamvuta binti yake karibu, akamwekea mkono kichwani.

"Sasa umejifunza," mama alisema. "Shida ukiificha, inazaa shida ingine, na mara nyingi ni mwenzako anailipa. Useme mapema, hata kama ni haya. Na ingine hii, mushike nyote: vita ilitufanyisha mambo mengi kwa haraka na kwa nguvu. Tulifanya juu ya kupona. Lakini vita si mwalimu. Tukifika pahali pa amani, hata kama ni jiko tu, tufanye mambo kwa wakati wake."

Mvua ya mwezi wa tatu ilinyesha usiku wa Jumatano. Asubuhi walitua gunia, wakalimwaga kwenye kikapu, na maharagwe yakatoka makavu, mekundu, yananukia moshi na samaki. Mama alitangulia na jembe, Abigaël akafuata akidondosha mbegu mbili katika kila shimo, Fiacre akifukia kwa mguu. Mtaani Ngezi, chumbani nyuma ya nyumba ya Koko, Santinele alikuwa amelala juu ya gunia tupu, sikio moja limesimama, akilinda kisichokuwepo tena.